Kioo cha Chumba cha Bibi

Harufu ya chokaa inayomwagiwa maji hunifanya nitazame dari. Nimeshakuwa mtu mzima, nina nyumba yangu ya matofali huku Chukwani, juu yake kuna mabati na mbao nyepesi, hakuna jiwe hata moja la kuniangukia. Lakini jirani akianza kuchovya brashi kwenye pipa la chokaa siku za kuelekea Sikukuu, mimi huacha ninachokifanya na kuinua shingo. Mume wangu hunicheka. Namwacha acheke, maana sijapata kumweleza.

Hivi karibuni harufu hiyo imehamia ndani. Ami Khelef, mdogo wake baba, amefariki, na katika vitu vyake nimeletewa boksi kubwa lililofungwa kwa kamba. Nilijua kilichomo kabla sijaikata kamba. Ni nyumba. Urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Ina ghorofa mbili, roshani ya vijiti na mlango wa mti wa mfenesi uliochongwa kwa kisu kidogo cha mfukoni. Kuta zake ni za maboksi, lakini zimepakwa chokaa ya kweli, na ukizigusa vidole vinabaki vyeupe. Ina madirisha kumi na mawili. Kumi na moja yana vioo.

Tulikuwa tunakaa Mji Mkongwe, kwenye nyumba aliyoiacha babu, ndani ya kichochoro chembamba kiasi kwamba mwenye baiskeli akipita, mwenye kapu alilazimika kupanda barazani amngoje. Bibi Zuwena, mama yake baba, alikuwa na chumba cha juu kabisa, upande wa kichochoroni. Miguu ilikuwa imeshamgomea. Ngazi zetu zilisimama wima, na yeye hakuwa amezishuka tangu mimi sijaanza shule. Chakula alipelekewa, wageni walipanda, na dunia yake yote ilikuwa kitanda, kabati, dirisha moja na mimi. Aliniita mke mwenzake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike, na alikuwa ananionea wivu wa uongo kila nikitaja jina la babu.

Siku moja, Ami akiwa anamkanda miguu, Bibi akasema, "Nnakaa ndani ya nyumba hii, na uso wake siujui tena. Mlango ule bado upo?"

"Upo, Mama. Utakwenda wapi?"

"Watu wamekwenda, seuze mlango."

Ami aliendelea kumkanda. Alikuwa karani bandarini, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi. Kuandika kulikuwa kunamtia usingizi. Kesho yake alirudi kutoka Mlandege na maboksi matupu ya biskuti kichwani, watu wazima kichochoroni wakimcheka, akayatua ukumbini na kuniambia, "Bibi yako hawezi kuishukia nyumba. Basi sisi tutampandishia."

Nilikuwa na miaka tisa, na sijapata kazi niliyoipenda kama ile. Kila siku baada ya Alasiri tulikaa chini ukumbini. Mimi nilipika gundi ya unga wa ngano, nikiikoroga isishike madonge. Ami alikata maboksi, tukayagandisha matatu matatu mpaka yakawa magumu kama ubao. Boriti tulizifanya kwa njukuti za ufagio. Vioo vya madirisha vilitoka kwa mtu wa Mlandege aliyekuwa akitia picha kwenye fremu. Alitupa vipande vyembamba alivyokuwa anavitupa, Ami akavikata sawa, mimi nikavitunza kwenye kopo la maziwa. Nilivihesabu kila siku. Nilikuwa mchoyo wa vioo vile kuliko wa pipi.

Ami hakutaka nyumba ya kubuni. Alitaka nyumba yetu hasa, pembe kwa pembe. Kwa hivyo tulipima kila chumba kwa uzi, yeye ncha moja, mimi ncha ya pili. Tulipofika kwa Bibi, alipima upana wa chumba chini, sakafuni. Kisha akapanda kwenye kiti, na mimi kwenye kiti cha pili, akapima juu, karibu na boriti.

"Shika vizuri," akaniambia.

"Nimeshika, Ami."

Akapima tena. Mara ya tatu alinishusha, akaishika mwenyewe ncha yangu, akaibana kwa msumari. Bibi alikuwa anatutazama kutoka kitandani, tasbihi mkononi. Ami akaukunja uzi taratibu, akautia mfukoni.

Alipokata boksi kwa vipimo vile, kuta mbili za chumba cha Bibi hazikukutana juu. Pakabaki uwazi wa kuingia ukucha. Nikamwambia tumekosea, tukate upya. "Hatujakosea," akasema. Alikaa mbele ya nyumba ile muda mrefu bila kutia gundi, na mimi nikakasirika, kwa sababu nilidhani amechoka nayo. Siku ya pili baba alikuja na Fundi Makame.

Fundi Makame ndiye aliyekuwa akiitwa kila nyumba ya chokaa ilipoumwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, kofia yake ina vumbi jeupe hata siku ya Ijumaa. Aliingia kwa Bibi akiwa ameinama.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, Makame. Umekuja kunitoa?"

"Nimekuja kutizama ukuta tu, Bi."

Wakalisogeza kabati. Nyuma yake palikuwa na ufa unaotoka kwenye boriti ukishuka mpaka usawa wa mto wa kitanda. Fundi Makame akaingiza vidole, vikaingia mpaka kwenye maungio. Alivitoa akavipangusa kwenye kanzu yake, na nikaona baba amegeuza uso.

"Mama," baba akasema, "twende Chukwani kwa dada. Siku chache tu, masika yapite."

"Humu niliingia bibi arusi, na humu ntatoka kwa jeneza," Bibi akasema. "Au mna haraka na hilo jeneza?"

Baba akanywea. Mtu aliyekuwa anatutetemesha sote kwa kukohoa tu, mbele ya mama yake alikuwa mtoto. Fundi Makame ndiye aliyeleta suluhu. Alisema tuweke kioo juu ya ufa, kishikwe kwa plasta huku na huku. Ukuta ukiwa umetulia, kioo kitabaki kizima. Ukitembea hata kwa unywele, kitakatika.

"Na kikikatika, Bi, unashuka siku hiyohiyo. Mie mwenyewe ntakubeba."

Bibi akafikiri. "Nshakubali," akasema.

Fundi Makame akatafuta kioo chembamba, macho yakaangukia kopo langu la vioo nililokuwa nimelishika. Alichagua kile tulichokuwa tumekikata kwa dirisha la chumba hichohicho cha Bibi, na mimi nikavimba mashavu. Akakoroga plasta yetu, ile ya chokaa tuliyoipakia nyumba ndogo, akakigandisha kioo kwa madonge mawili, moja kila upande wa ufa, na kabla hayajakauka akayabonyeza kwa kidole gumba. "Hii saini yangu, usiiguse," akanitania, kwa kuwa aliniona nimenuna.

Sasa sikilizeni nilivyoelewa mimi. Watu wazima wote chumbani walielewa kwamba kioo kile kinatazama. Mimi nilielewa kwamba kinashika. Niliwahi kukatwa na kigae mguuni nikafungwa bandeji, na kwangu mimi kioo kile kilikuwa bandeji ya ukuta: madonge mawili ya plasta yanavuta pande mbili zisiachane. Ndiyo maana, nikafikiri, kikivunjika Bibi hawezi kulala humo. Ilikuwa akili safi kabisa, haina kasoro ila moja. Kila nikirudi shule nilikwenda kukigusa, nione kama bado kina nguvu.

Masika yakaingia. Mvua ilikuwa inapiga upande ule wa kichochoroni, na mlango wa chumba cha Bibi ukaanza kukwama, mpaka baba akaupunguza kwa randa. Siku ya tatu ukakwama tena. Asubuhi palikuwa na unga mweupe juu ya chandarua chake, na mama aliukung'uta. Wakati mwingine, sote tukiwa kimya, boriti ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja vidole. "Nyumba inajinyoosha," Bibi alikuwa akisema. "Na yeye kazeeka, mwacheni ajinyooshe." Tulicheka, lakini baada ya hapo tulikuwa tunazungumza kwa sauti ya chini bila ya kuambiwa.

Siku moja nilipanda baada ya Alasiri. Bibi alikuwa amejilaza, macho yamefumba, tasbihi kifuani. Punje zilikuwa zimesimama, nikajua amelala. Nikapita ubavuni mwa kabati, nikakigusa kioo kwa kidole kimoja, kikatoa sauti kavu na kuachana katikati. Mstari ulikuwa umenyooka juu ya ufa.

Nimekivunja mimi. Nimeambiwa nisikiguse, nimekigusa kila siku, na sasa Bibi atashushwa ngazi zile mgongoni mwa mtu, apelekwe Chukwani, na kosa ni langu. Na ukuta sasa hauna wa kuushika! Nilishuka mbio nikachukua kisu cha Ami, plasta, na kioo kilichobaki koponi, kile Ami alichokikata upya kwa dirisha la Bibi. Nikayang'oa madonge ya zamani, nikaweka kioo kipya, na madonge mapya nikayabonyeza kwa kidole gumba changu, kulia na kushoto, kama nilivyoona. Nilipomaliza nilijiona fundi. Nimeufunga ukuta bandeji mpya, Bibi amelala salama, na hakuna aliyejua.

Vipande vya zamani, pamoja na plasta yake, nilivificha ndani ya nyumba ndogo, chini ya sakafu ya chumba cha Bibi, nikapaka gundi juu. Ami alipoona dirisha moja limekosa kioo nikamwambia kimenidondoka. Hakugomba. Alisema tutatafuta kingine, lakini hakikupatikana.

Tulimpandishia nyumba yake siku mbili baadaye. Ami alimwekea mapajani. Bibi aliutazama mlango, akaugusa kwa ukucha, akautazama tena, kisha akalia kama mtoto, bila kujifuta. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Alihesabu madirisha kwa kidole mpaka akafika kwake.

"Mke mwenzangu, mbona chumba changu mmekinyima kioo?"

"Kimevunjika, Bibi."

"Kimevunjika chenyewe?"

"Naam."

Alinitazama kidogo. "Basi si kitu," akasema. "Upepo utapita."

Kesho yake akaja Fundi Makame kutazama. Aliinama mbele ya ule ufa, na mimi nikasimama mlangoni nimekunja vidole. Aliinama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akapitisha kidole juu ya plasta, donge moja kisha la pili. Mama akaniita nikachukue kahawa ya mgeni. Niliporudi na sinia, alikuwa ameshasimama, anajipangusa mikono, na Bibi alikuwa ananitazama mimi. Baba alikuwa anangoja chini ya ngazi.

"Vipi, kimesimama?"

"Kizima," Fundi Makame akasema, anavaa viatu.

Baba akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilifurahi kuliko yeye. Sikuusogelea tena ukuta ule, nilikuwa nimekoma. Siku tatu nne baadaye Bibi akanitaka nimtundikie kanga pale, eti ukuta mtupu unamchosha macho. Nilipanda kwenye kiti nikamtundikia kanga yake nyekundu, ikaufunika ufa wote na kioo chake, kutoka juu mpaka usawa wa mto wa kitanda. Chumba kikapendeza.

Mvua ikakatika. Siku ya nne ya jua kali, asubuhi, tukiwa chuoni tunasoma Kurani, tulisikia mshindo kama lori linalomwaga mawe. Kisha kimya. Kisha vumbi jeupe likaja kichochoroni taratibu, likaingia dirishani, likatua juu ya misahafu, na harufu yake ilikuwa harufu ya plasta yangu. Mwalimu akatuzuia mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilikaa nimeficha kidole gumba ndani ya ngumi, na hapo, watoto wengine wakipiga kelele, ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza kioo ni kitu gani.

Ukuta wa kichochoroni ulikwenda wote, na chumba cha Bibi nacho. Wengine waliokuwemo ndani walisalimika. Nyumba ndogo nayo ilisalimika, kwa sababu Ami alikuwa ameishusha ukumbini kutengeneza roshani. Bibi alitoka kama alivyosema angetoka.

Fundi Makame alikuja mazikoni, na baada ya watu kutawanyika baba alisimama mbele yake. Alisema neno moja tu, lakini mbele ya majirani: "Ulinambia kizima." Fundi Makame aliinamisha kichwa. Hakujitetea hata kwa herufi moja. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika kanga yake, na mdomo wangu ulikuwa umeziba kana kwamba nao umepigwa plasta. Toka siku ile hakuna nyumba mjini iliyomwita tena. Tulisikia amehamia Mtoni, anauza chokaa kwa ndoo. Sisi tulihamia Chukwani, na nikakua.

Nimesema nilikua, lakini jambo hili halikukua nami. Lilibaki na miaka tisa yake. Nilipolifungua boksi la Ami, nikaibandua sakafu ya chumba cha Bibi kwa kisu cha jikoni. Vilikuwemo. Vipande viwili vya kioo, na madonge mawili ya plasta yenye alama ya kidole kikubwa. Nikavifunga kwenye leso nikaenda Mtoni.

Nilimkuta barazani kwake, mzee sana, macho yana ukungu, miguu juani. Nilimwamkia, akaitikia, nikajitambulisha kuwa ni mjukuu wa Bi Zuwena. Hakushtuka. Nikaifungua leso, nikamtilia vipande mkononi. Aliviangalia kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alipofika kwenye plasta akakitia kidole gumba chake katika alama, kikakaa.

"Hichi changu," akasema. "Changu cha kwanza."

"Fundi Makame, nimekuja kukutaka radhi. Mimi ndiye niliyekibadilisha."

"Nnajua. Nlikiona kidole siku ileile. Kidogo, kama punje ya kunde." Akatikisa kichwa. "Nikamuuliza bibi yako. Akanambia, nimekivunja mimi kwa bakora, mtoto kanibandikia chengine. Usimtishe mtoto, Makame, na baba'ake usimwambie."

Punje zile za tasbihi zilizosimama hazikuwa za mtu aliyelala.

"Ukamwamini?" nikamuuliza.

"Bakora ilikuwa imeegeshwa mlangoni, upande wa pili wa chumba. Yeye hawezi hata kusimama." Akaigeuza plasta kiganjani. "Nlimuona mtu mzima ananidanganya, hana hata haya. Na mie sikuweza kumwambia, Bi Zuwena, unasema uongo. Ningemwambiaje? Nikateremka. Baba'ako akaniuliza, nikamjibu kizima. Na kilikuwa kizima."

"Kwa nini hukusema mazikoni?"

"Nimseme maiti? Au nikuseme wewe? Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Basi." Akanirudishia vipande, akaifunga leso kwa mikono yake. "Mwanangu, miaka yote hii mie ndo nnaengoja uje unisamehe. Kazi yangu ilikuwa kukitizama kioo. Mie nikamtizama Bi Zuwena."

Tukalia, yeye kidogo, mimi sana. Nilipotulia nikamuuliza kilichokuwa kikinisumbua njiani kote: kile kioo changu, cha pili, kilikatika lini? Alisema yeye hajui, alikuwa amepanga kurudi baada ya mwezi. Nikamsimulia habari ya kanga.

"Ulimtundikia lini?"

"Siku tatu nne baada ya wewe kuja."

Fundi Makame alifumba macho yake yenye ukungu, na hakuyafumbua mpaka nilipoaga.

Nyumba ndogo sasa iko juu ya kabati langu, na lile dirisha nimeliacha lilivyo. Nikiitazama, ninachokikumbuka si mshindo wala vumbi. Nakumbuka nimesimama kwenye kiti, nimeinyoosha mikono, na Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda amekishika kiti kwa mikono yake miwili nisije nikaanguka. "Usitazame ukutani, mke mwenzangu," akaniambia. "Tazama unapokanyaga." Nami nilikuwa mtoto msikivu, nikatazama nilipokanyaga.